Mkono Usioisaidia Ndege

Wifi yangu hajawahi kupanda ndege ya vita hata mara moja, wala hana hamu. Ukimuuliza atakwambia tumbo lake halipendi mizaha. Hata hivyo, kazi yake maishani imekuwa kuzipima ndege hizo: zinalala ubavu kwa wepesi gani, na zikishalala zinatulia baada ya muda gani. Marubani wa kituo anakofanya kazi walimbandika jina la Bibi Rula. Hakulikataa. Aliwaomba tu wamwite hivyo mbele yake, wasingoje ageuze mgongo.

Naandika habari zake kwa sababu ni mtu wa nyumba yangu, na kwa sababu kuna maneno yanayozungushwa kwenye kantini ya kituo ambayo sasa yamefika hadi saluni ninakosukwa nywele. Yanasema kwamba siku moja mkono wa mwanangu ulimlegea angani, na kwamba shangazi yake ndiye aliyemponza. Mimi ni mjane wa hakimu. Nimekaa na mtu ambaye hakufungua kinywa kabla hajasikia pande mbili, na tabia hiyo imeniingia. Nimemsikiliza wifi, nimemsikiliza mwanangu, kila mmoja peke yake, na maelezo yao hayapishani.

Nianze mbali kidogo. Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa treni. Madereva wenzake walijisifia mwendo, yeye alijisifia kusimama. Aliwapandisha watoto wake wawili, mume wangu na dada yake mdogo, kwenye behewa la kwanza, akawaamuru wasimame katikati bila kushika chochote. Treni ikiingia stesheni wakayumba hata kidogo, mzee alinuna mpaka jioni. Wasipoyumba, alishuka amevaa kofia upande kama bwana harusi. Mume wangu alikuwa akisimulia habari hiyo kwa kucheka. Dada yake hakucheka. Yeye aliniambia kwamba ni mle behewani alipoanza kujiuliza kwa nini kitu kizito kikishashika mwendo hakitaki kuuacha.

Akasomea uhandisi wa ndege ng'ambo, akarudi na masanduku mawili ya vitabu na magauni mawili. Kituo cha majaribio ya ndege kikampa kazi kwenye chumba cha vipimo, chumba kirefu chenye mapazia mazito na kiyoyozi kisichojua kiasi, hata akawa anaacha sweta mgongoni mwa kiti chake mwaka mzima. Hakuolewa, na sikumuuliza. Mume wangu alipofariki alihamia kwangu na yale masanduku, tukagawana kazi za nyumba bila kikao: mimi jikoni na bustani, yeye kila kitu chenye nyaya.

Kazi yenyewe naweza kuieleza, maana nimeisikia mezani miaka mingi. Nyuma ya kila bawa la ndege kuna kibapa kinachopanda na kushuka. Rubani akisukuma usukani kulia, kibapa cha kulia kinapanda, cha kushoto kinashuka, na ndege inalalia ubavu wa kulia. Kwenye ndege ya abiria jambo hili hufanywa taratibu, ili kahawa isimwagike. Rubani wa ndege ya vita anapofukuzwa hana kahawa ya kulinda. Anatakiwa alale ubavu kufumba na kufumbua, akate kona, apotee. Ndege iliyo nzito kulala ubavu humwacha mtu wake mahali pabaya.

Ndege za kituo chetu zilikuwa na umri. Mafundi wakaichukua moja, wakabadilisha pampu zinazosukuma vibapa, wakabadilisha na kompyuta inayopokea amri ya mkono wa rubani, ili mkono ukisogea kidogo kibapa kisogee sana. Wa kuijaribu akachaguliwa mwanangu. Huko kazini walimwita Kengewa, kwa jina la yule ndege mwindaji, na sitajivuna kupita kiasi nikisema hakukuwa na mkono kama wake pale kituoni, maana hata waliomchukia walisema hivyo.

Zoezi lilikuwa hivi. Unaruka sawa, juu sana. Unasukuma usukani mpaka mwisho. Ndege inalala hadi mabawa yanasimama wima, moja likitazama ardhi na jingine likitazama juu, na papo hapo unatulia. Saa inaanza kuhesabu mkono unaposogea, na haikomi bawa linapofika. Inakoma ndege ikishatulia. Hapo ndipo wifi alipogombana na kizazi baada ya kizazi cha marubani, maana kila mmoja alitaka apimwe kwa kufika.

Majibu ya Kengewa yalikuwa mazuri mno. Mkuu wa kituo akawa anatembea kwenye ujia akipiga mluzi. Wakubwa walikuwa waje kutazama, na wakiridhika, ndege zote za kikosi zingebadilishwa kama ile moja. Ilibaki saini ya mpimaji. Wifi hakutia saini.

Sasa lazima nimtaje mtu mwingine mmoja. Binti yangu alikuwa amechumbiwa na rubani kijana wa kikosi, mtu mpole, mlaji mzuri, ambaye wenzake walimwita Nyundo kwa jinsi alivyokuwa akitua. Ndege zikibadilishwa, yeye angekuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa. Marubani wa kikosi huruka bawa karibu na bawa, na mara nyingine chini chini. Kwa hiyo kila wifi alipoikataa ile kalamu, nyumbani kwetu tulijua anaikataa kwa ajili ya nani.

Jumapili moja walikuja wote kula mchana. Mwanangu alikaa mahali pa baba yake, wifi mkabala naye, Nyundo karibu na bakuli la nyama kama kawaida. Binti yangu alikuwa zamu hospitalini.

"Shangazi," mwanangu akaanza, "watu wananiuliza kalamu yako imeisha wino au vipi."

"Ipo. Imejaa."

"Sasa?"

"Sasa kula, chakula kinapoa."

Nyundo akacheka peke yake, akaacha.

"Nimerudia zoezi lile mpaka shingo inauma," mwanangu akasema. "Kila mara majibu ni yale yale. Nitajie ndege moja ya umri ule inayolala na kutulia haraka vile."

"Hakuna."

"Basi tatizo nini?"

Wifi akaweka uma chini. "Tatizo ni wewe, baba."

Akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, ile anayotumia kuniambia gesi imekwisha.

"Pale kwangu kuna mistari miwili kwenye kioo cha kompyuta. Mmoja ni mkono wako, mwingine ni bawa. Mkono wako unarudi kabla bawa halijafika. Kila mara. Bawa liko njiani, wewe umesharudisha usukani, tena umeupeleka kidogo upande wa pili kuizuia ndege. Inafika imeshafungwa breki. Breki ni wewe."

"Ndivyo inavyorushwa. Ukingoja ifike ndipo urudishe, itapitiliza."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilihisi siku ya kwanza. Mkono ukajirekebisha."

"Na ukatuambia?"

Mwanangu akatazama sahani. Nadhani ndio kwanza aligundua kwamba kulikuwa na jambo la kuambia watu. Mtu mwenye mkono wa namna ile haoni anachokifanya, kama sisi tusivyoona tunavyopepesa macho.

"Kwa hiyo mimi naidanganya ndege," akasema.

"Unaisaidia. Nilitumwa kupima ndege, nimepima mkono wa mtoto wa kaka yangu. Mkono ni mzuri, Mungu aulinde. Lakini hatuwezi kuufunga kwenye kila ndege ya kikosi."

"Wangefunga wangu wangejuta," Nyundo akasema, kuleta hewa.

"Wako unafungwa kwenye trekta, shemeji," mwanangu akamjibu, bila kucheka.

Wifi akasukuma kiti chake nyuma. "Njooni ofisini kwa kaka."

Ofisi ya marehemu ni chumba kidogo chenye kabati la vitabu vya sheria, taa ya mezani na kiti cha ngozi cha kuzunguka. Kiti hicho ni kizito kama ndama, lakini Hakimu alikuwa akikipaka mafuta mwenyewe, na mpaka leo ukikigusa kinaondoka. Wifi akakigeuza kitazame mlango.

"Mkono mmoja," akasema. "Kisukume kigeuke kitazame dirisha. Kisimame hapo hapo. Kengewa, anza."

Mwanangu akakisukuma. Kiti kikageuka, kikalitazama dirisha, kikasimama kama askari. Akaunyoosha mkono wake mmoja kutuonyesha.

"Goti," wifi akasema.

"Goti gani?"

"La kulia. Limegusa mkono wa kiti kabla hakijafika."

Mwanangu akalitazama goti lake kama la mtu mwingine.

"Sasa wewe, wifi."

Nikakisukuma. Kikapita dirisha, kikagonga kabati, kikarudi, kikalipita dirisha tena kwa upande wa pili, kikatulia kikitazama ukuta. Nyundo alipojaribu, kiti kilizunguka chote na kuangusha taa.

"Kati ya watu watatu," wifi akauliza, "nani amenionyesha kiti kikoje?"

Nikajibu mimi. "Mimi na Nyundo."

"Na huyu?"

"Ametuonyesha goti."

Mwanangu hakungoja chai. Alinibusu shavuni, akatoka, na gari lake likaondoka kwa mwendo ambao babu yake asingeupenda. Nyundo akabaki ameinama, akiisimamisha taa kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kuna anayempima.

"Shangazi," akasema bila kuinuka, "nikipewa mimi ile ndege leo, itakuwaje?"

"Itapita pale unapotaka. Utairudisha. Itapita upande wa pili, zaidi. Utairudisha kwa nguvu zaidi."

"Halafu?"

"Halafu inategemea nani yuko ubavuni mwako, na ardhi iko umbali gani."

Kesho yake wifi akaomba rasmi zoezi lirudiwe na rubani wa kawaida. Nyundo akaenda mwenyewe kwa Mkuu kujitolea. Hakumwambia mchumba wake. Aliniambia mimi, kwa simu, na kabla sijapata la kusema akaniuliza kama kuna nyama iliyobaki.

Siku mbili baadaye Mkuu wa kituo akaja nyumbani mchana, bila kupiga simu. Alikaa ukingoni mwa kochi, kofia magotini.

"Mama Hakimu, nakuheshimu sana."

"Nashukuru. Sukari?"

"Kidogo. Mama, wakubwa wanakuja. Kijana wako yuko kwenye mstari wa kupanda cheo. Shangazi yake amemkalia kooni. Watu watasema nini? Watasema nyumba ile wanaoneana kijicho."

"Hao ni watu. Wewe unasemaje?"

"Mimi naomba uongee naye. Neno lako analisikia."

"Mkuu," nikamwambia, "marehemu alipokuwa kazini, watu walikuja kukaa kwenye kochi hilo hilo wakaniomba niongee naye. Wengine walilia. Niliwapa chai, kama ninavyokupa wewe, wakaenda zao."

Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogeka. "Sawa. Lakini fikiria upande wangu. Huyu kijana Nyundo nikimruhusu, halafu ndege ikamshinda, nitasimama wapi mbele ya wazazi wake?"

"Kumbe unakubali kwamba inaweza kumshinda."

Alivaa kofia, akasema ataruhusu safari moja tu siku ya Ijumaa, na baada ya hapo saini itatiwa, na kama si ya wifi yangu itakuwa ya mtu mwingine. Nilimsindikiza mpaka getini. Mgeni ni mgeni.

Jioni ile, jua halijazama, mwanangu akaja. Wifi alikuwa mezani jikoni akichambua mchele. Mimi nilikuwa kwenye sinki.

"Nyundo haruki," mwanangu akasema. "Nitaruka mimi."

"Mkono wako hautakubali," wifi akamjibu. "Utaisaidia ndege bila wewe kujua. Umeona goti."

"Ndiyo maana nimekuja. Sitaufuata mkono, nitafuata sauti. Wewe unaiona pembe pale kwenye kioo. Bawa likifika nyuzi tisini, sema 'rudisha'. Mpaka nisikie neno hilo, usukani utabaki pale pale nilipousukuma. Mimi nitakuwa mkono tu."

Wifi akatoa jiwe moja kwenye mchele, akaliweka kando. "Na ikikukataa?"

"Nitakuwa juu sana. Nitakuwa na nafasi ya kukosea. Nyundo akija kupewa ndege hii kikosini atakuwa anaruka chini chini, na hatakuwa na shangazi redioni."

"Majibu yataandikwa kwa jina lako."

"Najua."

"Yatakuwa mabaya."

"Shangazi, najua."

Walinitazama wote wawili, nadhani wakingoja niseme neno. Nilikuwa nalo. Nilimaliza kufuta sahani niliyoishika, nikaiweka mahali pake, nikawauliza watakula nini.

Ijumaa asubuhi sikwenda kituoni, haikuwa mahali pangu. Nilipanga upya kabati la vyombo ambalo halikuwa na kosa lolote. Yaliyofuata nimeyapata kwao.

Chumba cha vipimo kilikuwa na baridi yake ile ile. Mkuu, aliyekubali upesi kubadilishiwa rubani, alisimama nyuma ya kiti cha wifi, karibu hata wifi akasikia anavyopumua. Kwenye kioo ile mistari miwili ilikuwa imenyooka. Sauti ya mwanangu ikaja redioni, kavu, ikitaja kimo na mwendo.

"Niko tayari."

"Anza," wifi akasema.

Mstari wa mkono ukaruka. Mstari wa bawa ukaufuata. Wifi akazikodolea macho namba zikipanda.

"Rudisha."

Bawa likafika tisini, likatikisika kidogo sana, likatulia. Mkuu akatoa pumzi ndefu. "Umeona?" akasema. "Si mkono wake tena, ni sauti yako, na bado imetulia. Umeona mwenyewe."

Kisha mwanangu akasema redioni, polepole:

"Shangazi, umenisaidia."

Wifi akarudisha mistari nyuma, akaitazama. Ilikuwa kweli. Neno lilimtoka bawa likiwa bado njiani. Hakukusudia, na alikuwa ameshaapa moyoni kutofanya hivyo, ila mdomo ulimuwahi. Yeye aliyeliona goti la mwanangu hakuuona ulimi wake mwenyewe. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kupima hakuwahi kuona aibu kama ile, tena mbele ya mtu aliyekuwa akitabasamu.

"Ni kweli," akasema redioni, ili wote wasikie. "Nimewahi. Zoezi lile halihesabiki. Rudia."

"Tumekubaliana safari moja," Mkuu akasema.

"Safari ni moja. Ndege haijatua." Akajifunika mdomo kwa kiganja cha kushoto, akakibana. Hivyo hivyo ndivyo babu yangu, fundi wa mbao, alivyozuia misumari isimdondoke mdomoni. Lakini wifi alikuwa anazuia neno. "Anza," akasema katikati ya vidole, akakibana tena.

Mkono ukaruka. Bawa likafuata. Namba zikapanda, zikakaribia, zikakaribia zaidi, na kiganja hakikutoka. Zikafika. Akakitoa.

"Rudisha."

Mkono ukarudi katikati. Bawa halikujali. Likaipita tisini likaendelea, ndege ikaanza kulalia mgongo. Mwanangu akasukuma upande wa pili, kama ambavyo mtu yeyote angesukuma. Ndege ikarudi, ikapita, ikalalia upande mwingine zaidi ya mara ya kwanza. Akairudisha. Ikapita tena. Kwenye kioo ile mistari miwili ikawa inakimbizana, mkono ukienda kulia bawa liko kushoto, bawa likija kulia mkono umeshakwenda kushoto, na kila mara kwa upana zaidi. Namba ya kimo ikaanza kushuka.

"Mwambie aikaze," Mkuu akasema. "Mwambie aishike."

Wifi hakugeuka. "Achia," akasema.

Mistari ikaendelea kukimbizana. Mkono wa rubani hodari, ndege ikimshinda, ni kitu cha mwisho duniani kukubali kuachia.

"Achia usukani, mwanangu. Weka mikono magotini."

Hakuwahi kumwita hivyo redioni, mbele ya watu. Mstari wa mkono ukanyooka ghafla kama uzi uliovutwa. Bawa likayumba mara moja, kubwa. Likayumba tena, dogo. Likayumba kidogo tu. Ndege ikanyooka yenyewe, ikaendelea na safari kana kwamba haijamtukana mtu.

Kisha redio ikakwaruza.

"Mikono iko magotini," mwanangu akasema. Baada ya muda akaongeza, "Na goti la kulia linatetemeka, Shangazi. Leo halimsaidii mtu."

Wifi akavaa sweta lake. Ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameng'ata kiganja.

Walirudi nyumbani pamoja, kwenye gari moja, mwendo wa pole. Mwanangu alikula sahani mbili. Wifi hakula, akalala mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nyundo akaja baadaye, akamkuta mwanangu barazani. Walikaa pamoja, na alipoondoka alimpa mkono akaushikilia muda mrefu.

Ziara ya wakubwa iliahirishwa. Cheo alipewa mtu mwingine, kwa kuwa karatasi ya siku ile ilisema jina la rubani, ikasema ndege ilipitiliza na kuyumba, ikasema rubani aliachia usukani. Haikusema kwa nini. Karatasi za namna ile hazina mahali pa kuandika kwa nini. Kutoka hapo, kantini ikajimalizia hadithi yenyewe: Kengewa amekwisha, shangazi yake alikuwa akimpigia kelele redioni, mpaka akaogopa.

Nilitaka kwenda kituoni. Mwanangu akanizuia.

"Mama, waache. Nikisema nilifanya makusudi nitaonekana najitetea."

"Wewe usijitetee," nikamwambia. "Mimi nitatoa ushahidi." Na ndicho ninachokifanya hapa.

Maana hadithi ya kantini inaishia mapema. Mafundi waliporudi kazini, walipunguza kidogo ukali wa ile amri ya mkono. Kisha wifi akawapelekea ile mistari ya mwanzo, ya mwanangu, ile iliyokuwa ikimnyima usingizi. Mle ndani kulikuwa na kila kitu: mkono unaanza kurudi lini, unazuia kwa kiasi gani, unaachia wapi. Waliichukua kama fundi cherehani anavyochukua vipimo, wakaifundisha kompyuta ya ndege ifanye yenyewe kile ambacho mkono wake ulikuwa ukifanya bila kusema. Kasi ya kulala ubavu ikapungua kidogo tu. Muda wa kutulia ukapungua zaidi, hata jumla yake ikawa bora kuliko siku zile Mkuu alipopiga mluzi.

Siku ya kuijaribu tena, wifi hakutaka Kengewa akaribie. Aliruka Nyundo, akiwa sasa ni mkwe wangu kwa nikahi na kwa vyombo alivyovunja. Aliambiwa asukume, angoje bawa lifike, arudishe. Hakuhitaji sauti ya mtu. Mwanangu alikuwa kwenye chumba cha vipimo, amesimama nyuma ya kile kiti pale pale aliposimama Mkuu, na wifi anasema alikuwa anapumua vibaya kuliko Mkuu.

Mstari wa mkono ukaruka, bawa likafuata, likafika. Mkono ukarudi umechelewa kidogo, kama ilivyotarajiwa kwa mwenyewe. Bawa lilikuwa limeshasimama.

"Ulifanya nini ilipofika?" wifi akauliza redioni.

"Nimerudisha usukani tu, Shangazi."

"Kabla au baada?"

"Baada. Mimi nimewahi kuwahi nini?"

"Ukaizuia kwa upande wa pili?"

"Hapana. Sijafanya kitu. Imesimama."

Wifi akavuta karatasi, akatia saini palepale, ndege ikiwa bado hewani. Mwanangu akainama kwenye kipaza sauti.

"Shemeji, unaionaje?"

"Nipo na mkono wako huku," Nyundo akajibu. "Unaniendesha vizuri."

"Nirudishie ukitua."

"Siwezi. Sasa wataufunga kwenye kila ndege."